Kitochi na Simujanja: Historia Fupi ya Sifa na Manufaa

Yapo maswali ambayo walimu huulizana kila wakutanapo, na moja kati ya hayo, katika miaka hii, ni la simu. Je, simujanja inastahili sifa zote inazomiminiwa, au ile simu ndogo ya vibonye, ambayo hapa Uganda twaiita katochi na ndugu zetu wa Tanzania huiita kitochi, yatosha kwa haja zetu? Aghalabu jawabu hufuata umri wa msemaji: kijana husifu iliyo mpya, na mzee husifu iliyodumu. Sisi twaona kwamba suala hili halifai kuachiwa umri. Lina historia yake, na historia hiyo imefungamana na lugha tunayoifundisha kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na jina lenyewe. Neno simu lilitujia kutoka Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Baadaye, mitambo ya redio ilipokuja, watu wakaona haja ya kutofautisha, wakasema "simu ya upepo". Leo upepo umesahauliwa, waya umebaki katika jina tu, na kifaa kisicho na waya hata unyuzi mmoja tungali twakiita waya bila kuona ajabu.

Wale waliopata kuandika simu za maandishi watakumbuka kwamba posta ilitoza kwa neno. Katika enzi ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, ambalo lilikuwa na makao yake makuu hapa Kampala hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mtu alisimama mbele ya dirisha akikata maneno kama fundi akatavyo kitambaa. Hapo Kiswahili kilikuwa na bahati yake. Neno "tutakapowasili" lilihesabiwa moja, ilhali Mwingereza alihitaji maneno manne kusema jambo lilo hilo. Kweli neno refu mno lilihesabiwa mawili, lakini hilo lina herufi 14, na lilipita. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirejea.

Simu ya mkononi ilianza kama kitu cha tajiri. Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika barabara ya New York akampigia mshindani wake wa kampuni nyingine, kumwarifu kwamba ameshindwa. Miaka kumi ikapita kabla ya kifaa hicho kuruhusiwa kuuzwa, na kilipotoka mwaka 1983 bei yake ilikuwa dola 3,995. Kilizungumza kwa nusu saa, kisha kikahitaji saa kumi za kutiwa chaji. Katika pande zetu za bara mtangulizi alikuwa Miko Rwayitare, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, ambaye mwaka 1986 alianzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa. Simu za waya za Zaire zilikuwa zimechakaa kiasi cha kutotumainiwa, na wenye madaraka na mali walikuwa tayari kulipa chochote ili wasikike. Kwetu Uganda kampuni ya Celtel ilianza kazi mwaka 1995, na MTN ikafuata mwaka 1998. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba simu ya mkononi ilikuwa tangu mwanzo chombo cha mnyonge anazungumza habari za zama za baadaye.

Sasa tufike penye jambo ambalo hukosewa mara nyingi. Watu hudhani kwamba kitochi ni babu na simujanja ni mjukuu. Tarehe zakataa. Mwaka 1994 kampuni ya IBM iliuza kifaa kilichoitwa Simon: kilikuwa na kioo cha kugusa, kalenda, kitabu cha anwani, na uwezo wa kupokea barua za kielektroniki. Betri yake ilidumu yapata saa moja, kikauzwa vipande 50,000 hivi, kisha kikatoweka. Hiyo ndiyo ihesabiwayo simujanja ya kwanza. Nokia 1100, mama wa vitochi vyote, ilitoka mwaka 2003, yaani miaka tisa baadaye.

Kitochi, basi, si mabaki ya zama za kutojua. Ni kifaa kilichobuniwa kwa kukusudia, na watu waliojua kabisa namna ya kutengeneza simu zenye mengi zaidi, wakachagua kupunguza. Vibonye vilifunikwa kwa ngozi moja ya mpira ili vumbi lisipenye. Ubavu ulifanywa wa kukwaruza ili mkono wenye jasho usiuteleze. Kioo kilikuwa cha rangi moja ili betri isiliwe. Na juu kabisa ikawekwa taa. Watengenezaji walitangaza kwamba betri ingeweza kufikisha hadi saa 400 simu ikiwa imetulia, na ingawa hakuna asiyejua kwamba matangazo hupamba, mtu wa kijijini aliyeitia chaji Jumapili mjini hakuwa na wasiwasi hadi Jumapili nyingine. Simu za aina hiyo ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Nokia ilipofikisha simu yake ya bilioni moja mwaka 2005, simu hiyo ilikuwa 1100, nayo iliuzwa Nigeria. Betri yake, ile nyembamba iitwayo BL-5C, imeishi kuliko simu yenyewe; hata leo waikuta ndani ya redio ndogo na spika za sokoni.

Majina yaliyopewa simu hizi yangetosha kuwa somo zima la darasani. Wakenya waliiita "mulika mwizi" kwa sababu ya ile taa, na pia "kabambe", neno ambalo sote twalijua katika "mpango kabambe", lenye maana ya kitu imara na thabiti. Waganda wakaiwekea ka- ya udogo. Upande wa pili ikaja "simujanja". Hatujui kama aliyelitunga jina hili alikaa akalipima, maana katika hadithi zetu mjanja ni sungura: ana akili, hapana shaka, lakini hakuna amwachiaye shamba lake la karanga. Wengine husema "simu ya kupangusa", na hilo ni jina la ukweli kabisa, kwa kuwa hueleza kitendo na kuacha sifa kando.

Turudi kwenye lugha. Ujumbe mfupi wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa na salamu za Krismasi. Ujumbe mmoja uliruhusiwa herufi 160 na si zaidi, kwa kuwa nafasi iliyotengwa ilikuwa ya baiti 140, na kila herufi ilichukua biti saba. Papo hapo bahati ya Kiswahili ikageuka. Posta ilihesabu maneno. Simu ikahesabu herufi. "Tutakapowasili", lililokuwa rahisi dirishani, likawa ghali mkononi. Vijana wakaanza kukata, na namna walivyokata haikuwa ovyo kama tulivyozoea kulalamika. Wakaandika "cjui" kwa sijui, kwa kuwa jina la herufi hiyo kwa Kiingereza lalingana na silabi si. Wakaandika "m2" na "wa2", kwa kuwa tarakimu hiyo kwa Kiingereza yasikika kama tu. Mwalimu asahihishaye insha yuko sawa kuifuta "m2" kwa wino mwekundu. Hata hivyo, yafaa atambue kwamba mwanafunzi huyo, bila kufundishwa, amegawa neno katika silabi zake kwa usahihi, tena akitumia lugha mbili kwa wakati mmoja.

Kiswahili kilikuwa na nafuu nyingine isiyotajwa. Herufi zake zote zimo katika jedwali lile la biti saba, pamoja na alama ya ng'. Mwenye kuandika kwa herufi za Kiarabu hupata herufi 70 tu kwa ujumbe mmoja. Hata Mkongo aandikaye Kifaransa akitia ê mahali, kwa kawaida ujumbe wake wote hushuka hadi 70. Kwa hiyo Mswahili wa Muscat aliyemwandikia nduguye wa Unguja kwa herufi za Kirumi alipata zaidi ya maradufu kwa bei ile ile. Sisi twadhani, ingawa hatuna kipimo, kwamba jambo hili dogo la ufundi liliisaidia lugha yetu kuandikwa na watu wengi ambao hawakuwa wameandika chochote tangu waache shule.

Na palipokosekana hata fedha ya ujumbe mfupi, watu walibipu. Jonathan Donner, aliyefanya utafiti nchini Rwanda, alichapisha mwaka 2007 makala juu ya kanuni za kubipu, naye akaonyesha kwamba zilikuwa kanuni kweli kweli: mwenye uwezo ndiye apigaye, mwenye shida ndiye abipuye, na amtongozaye msichana kwa kubipu hujiaibisha. Simu iliyolia mara moja ikakatika ilikuwa na maana, na mbili maana nyingine, kwa mapatano. Hapa palikuwa na mawasiliano yasiyo na neno hata moja, yasiyolipiwa hata senti moja. Kampuni za simu hazikuyapenda.

Jambo kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la fedha. Katika Uganda ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya huduma yoyote rasmi, mtu wa mjini aliyetaka kumsaidia mama yake kijijini alinunua vocha, akampigia mwenye simu ya biashara wa kijiji hicho, akamsomea tarakimu za siri. Yule akaziingiza katika simu yake, akatoa ujira wake, akampa mama noti. Hakuna mhandisi aliyewafundisha hivyo. Huko Kenya watu walikuwa tayari wakitumiana muda wa maongezi badala ya fedha. Kampuni ya Vodafone, kwa msaada wa serikali ya Uingereza, ilianza majaribio mwaka 2005, ikikusudia tu kwamba wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribiwa wakaitumia wapendavyo wao: wakatumiana fedha. Wenye mradi, na hili ni la kuwasifu, wakawasikiliza.

Tafadhali msomaji azitazame tarehe zifuatazo. Tarehe 9 Januari 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs aliitangaza iPhone mbele ya umati uliopiga makofi. Tarehe 29 Juni mwaka huo huo ikaanza kuuzwa, bei yake dola 499 na 599. Katikati ya tarehe hizo mbili, tarehe 6 Machi 2007, M-Pesa ilifunguliwa nchini Kenya. Programu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, si ndani ya simu, kwa hiyo kitochi chochote kiliweza kuitumia bila intaneti. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya kimoja tu kati ya vitu hivyo viwili. Tanzania ikafuata mwaka 2008, Uganda mwaka 2009 na Rwanda mwaka 2010. Katika miaka michache, wakulima ambao hawakuwahi kukanyaga ndani ya benki walikuwa na namba ya siri, salio na wakala wao. Nayo maneno hayo, wakala, salio, muamala, namba ya siri, yalienea katika vijiji ambako kamusi zetu hazikufika. Neno "imethibitishwa", kitenzi cha kutendwa chenye kiambishi cha wakati timilifu, husomwa kila siku na watu wasiojua kwamba wamesoma sarufi.

Kwa hiyo, tukiulizwa ni simu ipi iliyobadili maisha ya Afrika Mashariki, jawabu letu halina kigugumizi: ni ile ndogo.

Lakini swali la thamani ya simujanja halijajibiwa kwa kusema hivyo. Simujanja zilitufikia kwa wingi tangu mwaka 2011 hivi, wakati Huawei Ideos ilipouzwa Kenya kwa bei iliyokaribia dola 100, na baadaye Tecno zikajaa madukani, zikiwa na nafasi ya laini mbili kwa sababu wafanyabiashara wake waligundua kwamba kila mtu hukwepa gharama ya kupiga kutoka mtandao hadi mtandao. Mwaka 2019 kiwanda cha Mara Phone kilifunguliwa Kigali. Na kwa mwalimu wa Kiswahili aliye mbali na pwani, kifaa hiki kilileta jambo ambalo kitochi hakikuweza. Tatizo letu la siku zote katika Uganda lilikuwa ni sikio. Mwanafunzi alijifunza ngeli vizuri, akazitamka kama asomaye orodha ya bei, kwa kuwa hakuwa amepata kumsikia mtu akigombana kwa Kiswahili, akitania, akibembeleza. Leo aweza kuyasikia hayo kila jioni. Aweza kujirekodi, akajisikiliza, akaona haya, akarekodi tena. Gazeti la Dar es Salaam hulisoma siku ile ile litokapo, ambapo zamani lilitufikia, kama lilifika, likiwa limefungia samaki.

Iko pia faida moja ambayo wasomi huidharau. Ujumbe wa sauti umemsaidia mzee asiyejua kuandika. Kitochi, pamoja na wema wake wote, kilimtaka mtu asome. Ukimpa bibi ujumbe mfupi, humwita mjukuu. Simujanja imemrudishia bibi siri zake. Kwa hili tu twaona kwamba haifai kuitwa pambo la vijana.

Mizani ilionekana wazi shule zilipofungwa. Uganda ilizifunga mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na ingawa madarasa machache yaliruhusiwa kurudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyozidi muda huo. Walimu wengi wakaunda vikundi vya WhatsApp, wakatuma masomo, mazoezi na sauti. Masomo hayo yalikuwa mazuri. Lakini mtoto ambaye nyumbani kwao palikuwa na katochi moja, nayo huondoka na baba alfajiri, hakupata hata mstari. Mwenzake wa dawati moja alisonga mbele kwa karibu miaka miwili. Tulipokutana nao tena darasani, tofauti haikuwa ya akili, wala ya bidii. Tangu hapo wenzetu kadhaa wanashikilia kwamba kazi yoyote ya lazima ipelekwe kwa njia ambayo kitochi chaweza kuipokea: ujumbe mfupi, au namba ya kupiga, au saa fulani ya redio, maana vitochi vingi vina redio. Wengine husema huko ni kuwarudisha nyuma walio mbele. Sisi tuko upande wa wale wa kwanza. Somo la kikundi liwe nyongeza. Agizo la kazi liende kwa ujumbe mfupi, lipite ndani ya herufi 160, na mwalimu ajifunze kukata kama yule wa dirishani posta.

Serikali nazo zimezitambua simu zote mbili, kila moja kwa namna yake. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii, na wakati huo huo asilimia moja ya fedha zipitazo kwa simu. Mwenye simujanja akatozwa kwa kuzungumza, na mwenye kitochi kwa kumtumia mama yake. Tozo ya fedha ilipunguzwa baadaye mwaka huo hadi nusu asilimia ya kiasi kitolewacho. Ile ya mitandao ikabadilishwa mwaka 2021 kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Na wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kama tano. Siku hizo simujanja iligeuka kuwa kitochi kisicho na betri ya maana. Wapo waliosema kwamba hapo ndipo simu ndogo ilipothibitisha ubora wake. Wasiharakishe kushangilia. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 katika Kongo, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi vilevile kwa muda wa siku 20 hivi, na walimu wenzetu wa Goma na Bukavu walibaki na sauti tu.

Tukitaja Kongo haifai kupita bila kusema kwamba malighafi ya simu hizi yachimbwa na watu wasemao Kiswahili. Tantalamu, itokanayo na koltani ya Masisi na kwingineko katika Kivu, imo katika vipuri vidogo vya simu za aina zote mbili. Kobalti ya betri hutoka kwa wingi katika machimbo ya Kolwezi, na Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Simu kubwa hula zaidi, hasa kwa sababu ya betri, na hutupwa mapema zaidi. Lakini hata kitochi hakikuzaliwa bila deni hilo.

Limebaki jambo moja ambalo wenye kusifu uimara wa kitochi hawalisemi. Simu hii haiishi kwa betri peke yake, huishi kwa mtambo wa kizazi cha pili unaoitikia wito wake. Kampuni ya AT&T ilizima mtambo huo Marekani tarehe 1 Januari 2017. Singapore ikauzima mwezi Aprili mwaka huo huo. Nokia 1100 iliyo nzima kabisa, yenye chaji ya wiki na vibonye visivyopenya vumbi, ikipelekwa Singapore leo haitampata mtu yeyote, ingawa taa yake itawaka. Hapa kwetu mtambo huo ungali ukifanya kazi, kwa kuwa wateja wake wangali wengi na fedha wanazotumiana ni nyingi. Siku ambayo kampuni zitaona kwamba masafa yale yana faida zaidi kwa matumizi mengine, hakuna atakayemwuliza mwenye katochi, isipokuwa kama waliomfundisha kusoma watakuwa wamekwisha kuuliza kwa niaba yake.